Umezungushwa miezi minane, lakini ngazi hujaanza kuipanda

Swali: Wakili, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Moshi vijijini. Mwaka jana ofisi moja ya umma ilitengeneza barabara upande wa juu wa kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani. Mkandarasi akaufukia mfongo wa zamani, ule mfereji wetu wa asili wa maji, akachimba mtaro mpya ambao unamwaga maji yote kwangu. Masika haya migomba imelala. Nimeomba kuona mkataba na michoro nijue kama mtaro huo ulikuwemo kwenye mpango au ni wa kujitungia. Miezi minane naambiwa njoo kesho, mara faili liko kwa bosi, mara mhandisi yuko semina. Mjukuu wangu amesoma mtandaoni kwamba serikali ikinyamaza siku 20 unaruhusiwa kwenda mahakamani moja kwa moja. Jirani naye anasema nisihangaike na mahakama za hapa, Arusha kuna mbili za kimataifa. Nifungue kesi wapi?

Shikamoo Mwalimu. Pole sana na migomba.

Nianze na lile usilotaka kulisikia: usifungue kesi popote kwa sasa. Haki unayo, tena ya kikatiba. Ibara ya 18 inakupa haki ya kutafuta na kupokea habari, na ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016, ndiyo imeweka utaratibu wa kuidai. Ila ukisoma barua yako kwa jicho la wakili wa upande wa pili, utaona kasoro moja kubwa: mbele ya sheria, wewe hujaomba chochote bado. Umeuliza dirishani. Umesimama koridoni. Umepiga simu. Hakuna karatasi hata moja inayoonyesha ulichoomba, uliomba lini, na nani alikunyima.

Ukienda mahakamani hivyo, nakuchorea siku yako itakavyokuwa. Wakili wa Serikali hatagusa habari ya mtaro. Hatabishana kama mkataba upo au haupo. Ataweka pingamizi la awali la mistari minne: shauri limeletwa kabla ya wakati wake, mwombaji hakutumia njia alizopewa na sheria. Jaji atauliza, "Mwombaji, barua ya maombi iko wapi? Ya kuomba mapitio? Rufaa?" Utaanza kueleza habari za "njoo kesho". Shauri litaondolewa, na huenda ukadaiwa gharama juu yake. Nimeyaona haya kwa watu waliokuwa na madai mazuri kabisa.

Mahakama si kwamba inawapenda maofisa. Kanuni ni ya zamani na ina mantiki yake: bunge likitengeneza mlango maalumu wa kupitia, mahakama haipendi uruke dirisha. Ofisi ipewe nafasi ya kujirekebisha. Na jaji, kwa kawaida, anapitia uamuzi. Asipoletewa uamuzi, anapitia nini?

Sasa hizo siku 20 za mjukuu. Hakudanganya, ila amesoma sheria ya watu wengine. Ni sheria ya Marekani ya mwaka 1966. Kule idara ya serikali ina siku 20 za kazi kujibu, ikinyamaza mwombaji anahesabiwa kwamba amekwisha kumaliza ngazi za ndani, anaweza kwenda mahakamani. Lakini hata wao wana mtego wao. Mwaka 1990 mahakama ya rufani ya Washington iliamua kwamba jibu likija limechelewa, alimradi limefika kabla hujafungua kesi, lazima urudi ukakate rufaa ndani ya idara kwanza. Kwa hiyo hata huko, anayeshinda ni yule mwenye tarehe zake mkononi. Mwambie kijana asome ya kwetu, si ndefu.

Ya kwetu inakwenda hivi. Unaandika maombi kwa ofisi inayoshikilia taarifa, ukieleza unachotaka kwa undani wa kutosha ili ofisa akitambue. Ofisi ina siku 30 za kukujibu kwa maandishi. Ukinyimwa, unaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi ndani ya siku 30, naye ana siku 30 za kuamua. Usiporidhika, ndani ya siku 30 nyingine unakata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya sheria. Hizo ndizo ngazi. Mahakama inakuja baada ya hapo.

Kabla hujaandika, hakikisha unabisha hodi kwa mwenye nyumba. Tangu Julai 2017 barabara nyingi za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara hizo, lakini mtaro au kalavati linaweza kuwa limejengwa kwa fedha za halmashauri, au za mradi wa maji, au za mfuko fulani. Muulize mtendaji wa kijiji kibao cha mradi kiliandikwa nani. Picha ya kibao hicho, kama bado kimesimama, ina thamani kuliko safari zako zote za mjini: inataja mwajiri, mkandarasi, na mara nyingi namba ya mkataba.

Andika kwa jina lako wewe, kama raia. Wengi hukosea hapa. Sheria inaposema "kila mtu" ana haki hiyo, inamaanisha raia. Ukiandika kwa jina la kikundi cha watunza mfongo, unampa ofisa sababu ya kukurudisha bila kutoka jasho. Kikundi kiwe nyuma yako, sahihi iwe yako, na weka namba ya kitambulisho cha taifa.

Usiombe "taarifa zote kuhusu barabara". Hiyo ni kumkaribisha mtu akuambie hakuelewi. Mimi ningeandika hivi:

"Naomba nakala za nyaraka zifuatazo zinazohusu ujenzi wa barabara ya (taja jina, kutoka wapi hadi wapi) uliofanyika mwaka jana: mkataba kati ya ofisi yako na mkandarasi, michoro ya mifereji na makalavati, mchanganuo wa kazi na gharama, sehemu inayohusu mitaro, na hati ya kukabidhi kazi. Kama sehemu yoyote ya nyaraka hizi inazuiwa na sheria, naomba sehemu hiyo ifunikwe na nipewe iliyobaki, pamoja na sababu ya kuzuia kwa maandishi. Niko tayari kulipia gharama za nakala."

Ile sentensi ya kufunika ina kazi yake. Sheria inaruhusu kuzuia baadhi ya mambo: usalama wa taifa, uchunguzi unaoendelea, faragha ya mtu, maslahi halali ya kibiashara. Kwenye mkataba wa barabara, kinachotajwa karibu kila mara ni hicho cha mwisho, "siri za mkandarasi". Sawa, wafunike bei za mkandarasi wakitaka. Mchoro wa mtaro unaomwaga maji kwenye migomba yako hauna siri ya biashara ndani yake.

Kanuni za 2017 zina fomu yake. Ikipatikana, ijaze na uibane na barua. Isipopatikana, usikubali kuambiwa "subiri fomu". Peleka barua, fomu itaifuata. (Kuna pia nafasi kwa asiyejua kusoma na kuandika au mwenye ulemavu kuomba kwa mdomo, na ofisa ndiye anatakiwa kuandika. Kwa mwalimu mstaafu hiyo haitapita.)

Na sasa tufike masjala. Vumilia nikae hapa kidogo, kwa sababu kesi nyingi za namna hii hushindwa kwenye kile kidirisha, muda mrefu kabla jaji hajazisikia.

Chapa nakala mbili. Usimpe barua mhandisi, hata kama mmezoeana, hata kama anasema "niachie mimi mama, nitaishughulikia". Barua anayopewa mtu mkononi huishia kwenye droo yake, na akihamishwa kikazi inahama naye. Nenda masjala. Karani anapokea nakala halisi, anaiingiza kwenye daftari la barua zinazoingia, anaipa namba. Ile nakala yako ya pili anaigonga mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, anaweka sahihi. Usitoke kabla hujausoma mhuri. Nasema kuusoma, siyo kuuona.

Nina sababu ya kusisitiza. Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka maombi ya mapitio kwa ofisi moja, sitaitaja. Mhuri ukagongwa na wino ulikuwa umekauka. Mimi nikatazama, nikaona duara la bluu, nikaridhika, nikaondoka. Tulipofika mbele ya jaji, tarehe ilisomeka 3 au 8, kila mtu anaona anachotaka. Siku 30 za mteja wangu zilikuwa zinaishia tarehe 5. Upande wa pili wakaapa ni 8. Nikaomba daftari la masjala liletwe. Likaletwa, ukurasa wa wiki hiyo umemwagikiwa chai. Sikumshuku mtu, chai humwagika. Lakini tangu siku hiyo natembea na kalamu: mhuri ukififia, namwomba karani aandike tarehe kwa mkono pembeni, kisha natoa simu napiga picha palepale kaunta.

Karani akikataa kugonga mhuri, hana haja ya kugombezwa, mara nyingi ameagizwa. Nenda posta, itume kwa EMS, tunza risiti yenye namba ya kufuatilia, na baada ya siku chache ingiza namba hiyo upate ushahidi kwamba imefika. Ni elfu chache zinazookoa miezi.

Tuseme mhuri umegongwa tarehe 2 Juni. Siku 30 zinaisha tarehe 2 Julai. Katikati hapo usiende ofisini. Najua ni vigumu kwa mtu aliyezoea kufuatilia, lakini kila ukienda unawapa nafasi ya kukujibu kwa mdomo, na jibu la mdomo halikusaidii kitu. Wakikupigia simu, pokea vizuri, sikiliza, kisha siku hiyohiyo andika: "Nathibitisha mazungumzo yetu ya simu ya leo ambapo ulinieleza kwamba..." Peleka masjala.

Jibu likija, tazama chini kabla hujasoma juu. Pale kwenye sahihi. Mara nyingi utakuta "K.n.y. Mkurugenzi". Watu wakiona jina la mkurugenzi pale hudhani bosi ameshaamua, ngazi ya mapitio imekwisha, wanakimbilia Dodoma au mahakamani. Hapana. Aliyeandika kwa niaba si mwenyewe. Andika kwa mkuu wa taasisi kwa cheo chake, sema unaomba mapitio ya uamuzi wa barua kumbukumbu namba fulani, ya tarehe fulani, na ueleze kwa nini sababu walizotoa hazishiki. Hata kama mkurugenzi ametia sahihi kwa mkono wake mwenyewe, mimi bado ningemwomba mapitio. Ni karatasi moja tu, na inamfunga mdomo mtu wa pingamizi.

Na jibu lisipokuja? Hapa ndipo wengi hugandia, wanaendelea kungoja mwaka mzima wakidhani ngoma iko upande wa ofisi. Siku ya 31 asubuhi andika kwa mkuu wa taasisi: maombi yangu yalipokelewa tarehe hii, siku 30 zimekwisha, nauchukulia ukimya huo kuwa ni kunyimwa, naomba mapitio. Ambatanisha nakala yenye mhuri. Usiuhesabu ukimya kama ruhusa ya kuruka ngazi, na usiuhesabu kama sababu ya kulala.

Ngazi ya Waziri, kusema kweli, mimi siipendi. Mtu analalamikia Serikali, halafu rufaa yake inaamuliwa na mtu wa Serikali. Kenya, kwa sheria yao ya mwaka uleule wa 2016, malalamiko kama yako yanapelekwa kwa tume ya Ombudsman, chombo huru cha kushughulikia malalamiko ya wananchi, na huo ni utaratibu ningeutamani. Lakini kutoipenda ngazi si sababu ya kuiruka. Rufaa inakwenda Wizara ya Katiba na Sheria, Dodoma. Itume kwa EMS, ambatanisha kila kitu kuanzia barua ya kwanza, panga kwa tarehe, andika namba za kurasa kwa kalamu. Anayeisoma kule hajawahi kuuona mfongo. Mchoro wako wa mkono wa kihamba, barabara na mtaro, ukurasa mmoja, utamsaidia kuliko kurasa tano za malalamiko.

Sheria inasema uamuzi wa Waziri ni wa mwisho. Usiogope neno hilo. "Mwisho" maana yake hakuna rufaa ya kawaida kutoka pale. Mlango wa Mahakama Kuu kupitia uhalali wa uamuzi wenyewe haujafungwa. Unaomba kwanza kibali, na kibali hicho kinaombwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi unaoulalamikia. Ukikipata, una siku 14 za kuleta maombi yenyewe. Unaweza kuomba certiorari, kuutengua uamuzi, na mandamus, kumlazimisha ofisa atimize wajibu wake. Waziri naye akinyamaza, mandamus hiyohiyo inaweza kuombwa ili atoe uamuzi. Moshi kuna Mahakama Kuu, hutahitaji kupanda gari mbali. Miezi sita inaonekana mingi ukiwa nyumbani. Ukitafuta wakili, hati za viapo na nakala zilizothibitishwa, inayeyuka.

Utasikia pia ushauri wa kufungua shauri la kikatiba, moja kwa moja kwa ibara ya 18. Zamani kidogo watu walijaribu njia hiyo kama mkato. Marekebisho ya mwaka 2020 ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3, yameandika waziwazi kwamba mlalamikaji amalize kwanza njia zote zilizopo kwenye sheria nyingine. Kwa hiyo mkato huo unakurudisha palepale kwenye dirisha la masjala.

Nije kwa jirani yako. Ni kweli, mji wetu wa Arusha una mahakama mbili za kimataifa, na inachekesha kwamba kwenye jambo hili zinapishana kabisa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu inataka umalize njia za mahakama za nyumbani kwanza, isipokuwa zikicheleweshwa kupita kiasi. Lakini hilo kwako ni la nadharia, kwa sababu Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililoruhusu watu binafsi kupeleka mashauri kule moja kwa moja, na tangu Novemba 2020 raia hawezi kufungua shauri jipya dhidi ya Tanzania kwa njia hiyo. Mahakama ya Afrika Mashariki yenyewe haidai umalize ngazi za nyumbani. Inadai kitu kingine: uje ndani ya miezi miwili tangu kitendo kitokee au tangu ulipokijua, na uonyeshe kwamba kitendo hicho kinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Si mahakama ya kuidharau. Machi 2019 iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba huo. Ila pale walikuwa wanashindania sheria ya nchi nzima. Mtaro mmoja wa Moshi vijijini, na miezi minane imeshapita, sikushauri.

Kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora pia. Peleka malalamiko ukipenda, wakati mwingine barua yao huamsha ofisi iliyolala. Lakini iende sambamba na ngazi, isichukue nafasi yake. Usije ukaacha siku zako 30 zipite eti unasubiri jibu la Tume.

Jambo la mwisho ni hili, na pengine kwako ndilo kubwa kuliko yote. Unachotaka hasa ni nini, Mwalimu: karatasi, au maji yaache kuingia kihambani? Maana hayo ni madai mawili, na kila moja lina saa yake. Kudai fidia ya migomba na kutaka mtaro urekebishwe ni kesi ya madai ya kawaida dhidi ya Serikali. Hiyo haikutaki upitie ngazi za sheria ya taarifa. Inakutaka utoe notisi ya siku 90, na nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu. Watu huchanganya notisi hii na ngazi nilizoeleza, wanadhani ukitoa moja umemaliza zote. Hazihusiani. Madai ya madhara kama haya yana ukomo wa miaka mitatu, na saa imeshaanza kugonga. Usiiache iishe ukiwa unafukuzia mkataba. Ukishafungua kesi ya fidia, unaweza kuiomba mahakama iamuru upande wa pili utoe nyaraka zilezile wanazokunyima leo, na amri ya jaji haiambiwi njoo kesho.

Kwa hiyo mimi ningeanza vyote viwili wiki moja. Barua ya maombi ya taarifa Jumatatu. Na kabla mvua hazijafuta alama, mwite mtu mwenye kamera nzuri apige picha za mtaro, za mahali mfongo ulipofukiwa, za migomba iliyolala, tarehe ionekane. Mwombe afisa kilimo wa kata aje kuhesabu mashina na kuandika taarifa. Wazee wawili wanaokumbuka mfongo ulipita wapi, waandikie majina na wanachokumbuka. Kwa taarifa za athari za mradi kwa mazingira kuna mlango mwingine kabisa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. NEMC, baraza la taifa la mazingira, wana ofisi ya kanda hapa Arusha, na barua hiyo naweza kukuandikia mimi.

Masjala hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi. Wahi kabla foleni haijawa ndefu, na beba kalamu yako.